Lovanium: Chuo Kikuu cha Mlima Amba

Hapa kwetu Tanzania mtu akisema kuwa mwanawe yuko Mlimani, hapana amwulizaye ni mlima gani. Tangu mwaka 1964, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipohamia kwenye kilima kilichokuwa nje ya mji, neno hilo limekuwa jina la chuo chenyewe, na limekuwa zaidi ya jina, kwani hupima pia umbali uliopo baina ya msomi na watu waliomsomesha. Jirani zetu wa Kongo nao walikuwa na Mlimani yao, iliyoitangulia ya kwetu kwa miaka kumi. Chuo hicho kiliitwa Lovanium, ambalo ni jina la Kilatini la mji wa Leuven huko Ubelgiji. Kilikuwa chuo cha binafsi cha Wakatoliki, kilianza kikiwa kidogo mno, na kiliishi kwa jina hilo miaka kumi na saba tu, tangu 1954 hadi 1971.

Vitabu tuvitumiavyo shuleni hueleza habari za Kongo kwa upande wa mpira, shaba, vita na viongozi waliouawa. Si aghalabu kumwona mwandishi akiingia darasani au bwenini. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo, kwa sababu katika mabweni ya Mlima Amba yalitendeka mambo yanayostahili kujulikana na kila mwalimu na kila mwanafunzi wa sekondari katika sehemu hii ya Afrika.

Yafaa niseme mapema kwamba mimi mwenyewe sikufika chuo kikuu. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kuwa karani wa masjala, na siku ya kwanza nilipopanda Mlimani ya Dar es Salaam nilikuwa nimebeba bahasha ya serikali iliyotakiwa kutiwa sahihi. Nilisimama chini ya mwembe nikawatazama vijana wa rika langu wakitoka katika ukumbi wa mihadhara wakibishana kwa sauti kubwa, wala sikujua wanabishania nini. Huenda ndiyo sababu habari za vyuo hunivuta kuliko zinavyowavuta wale waliovipitia.

Wabelgiji walipoitawala Kongo walijenga shule nyingi za msingi, karibu zote mikononi mwa wamisionari, lakini ngazi za juu waliziziba. Palikuwa na kauli iliyojulikana sana miongoni mwao, kwamba pasipo wasomi hapana matata. Kwa muda mrefu Mwafrika wa Kongo aliyetaka elimu kamili ya sekondari, pamoja na Kilatini, alikuwa na njia moja tu, nayo ni seminari, akajifanye mwanafunzi wa upadre hata kama moyo wake haukuwa huko. Hivyo wengi wa wasomi wa mwanzo wa nchi ile ni watu walioingia seminari wakatoka kabla ya kuwekewa mikono. Aliyetaka kwenda mbali zaidi ya hapo hakuwa na pa kwenda. Thomas Kanza aliruhusiwa kwenda Leuven mwaka 1952, akapata shahada yake mwaka 1956, na jambo hilo likaonekana kuwa muujiza. Wakati huo Makerere ya Uganda ilikuwa imekwisha kufundisha vijana wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hata hivyo Chuo Kikuu cha Leuven, ambacho kiliasisiwa mwaka 1425, kilikuwa na mkono Kongo tangu zamani. Mwaka 1926 kiliunda shirika la tiba, na mwaka 1932 shirika la kilimo, na kazi zao zilianzia Kisantu, kusini ya Leopoldville. Huko walifundishwa wasaidizi wa waganga na wasaidizi wa mabwana shamba. Neno la kulishika hapo ni “wasaidizi”. Mganga alikuwa Mzungu. Mwafrika alimshikia mkoba. Mwaka 1947 kituo hicho cha Kisantu kilipewa jina la Lovanium, na baada ya miaka michache ikaamuliwa kujenga chuo kikuu kamili kwenye uwanda wa juu ya kilima, upande wa kusini wa Leopoldville, karibu na misioni ya Kimwenza. Mahali hapo ndipo Mlima Amba.

Ujenzi huo ulikwenda mbio, na mbio hizo zilikuwa na sababu. Mwaka 1954 vyama vya Kisoshalisti na vya Kiliberali viliunda serikali huko Brussels, na waziri mpya wa makoloni, Auguste Buisseret, alitaka shule zisizo za dini zipate nafasi Kongo. Kanisa likaona heri litangulie. Mwezi wa Oktoba 1954 masomo yakaanza Mlima Amba kwa wanafunzi wapatao 30, na serikali nayo ikafungua chuo kikuu chake Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Kwa hiyo Wakongo waliokuwa wamenyimwa chuo kikuu kwa nusu karne walipewa viwili katika muda wa miaka miwili, na mashindano ya Wabelgiji wenyewe kwa wenyewe yalichangia sana jambo hilo.

Mkuu wa kwanza wa Lovanium alikuwa Luc Gillon, padre ambaye pia alikuwa mwanafizikia. Mtu huyu alikuwa na tabia ya kujenga. Aliomba fedha serikalini, akaomba kwa makampuni, akaomba ng’ambo, na kila alichopata alikigeuza jengo. Kukazuka madarasa, maabara, hospitali, kanisa, nyumba za maprofesa na mabweni, vyote juu ya kilima kilichokuwa na nyasi na mchanga. Alishikilia neno moja bila kuyumba, kwamba shahada ya Lovanium iwe sawa na ya Leuven, isipungue hata chembe. Kuna waliomlaumu kwa gharama, nao walikuwa na haki yao. Lakini mimi nikifikiri juu ya neno lile “wasaidizi”, naona Gillon alikuwa amelishika jambo lenyewe mahali pake.

Maisha ya mlimani hapo yalikuwa mageni kwa kila aliyefika. Kule mjini Leopoldville Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana katika mitaa ya Wazungu usiku bila ya kibali. Juu ya kilima, Mwafrika na Mzungu walikaa dawati moja, wakala katika ukumbi mmoja, wakalala katika majengo yale yale. Mwanafunzi alipewa chumba chake peke yake, chenye kitanda, meza na taa ya umeme, naye huenda siku zote za maisha yake alikuwa amelala kitanda kimoja na nduguze. Wanafunzi walivaa suti na tai. Walikuwa na chama chao na gazeti lao. Walirithi hata mila mbaya za vyuo vya Ubelgiji, kama ile ya kuwatesa wageni wa mwaka wa kwanza kwa mizaha mikali kabla ya kuwakubali kuwa wenzao. Na inashangaza kuwa mila hiyo ilidumu kuliko desturi nyingine nyingi walizozikuta hapo. Walikuwapo pia wanafunzi kutoka Ruanda-Urundi, maana nchi hizo nazo zilikuwa chini ya Wabelgiji.

Raha hiyo ilikuwa na ulezi ndani yake. Waliotawala chuo walikuwa mapadre na maprofesa wa Kibelgiji, na mwanafunzi alihesabiwa kuwa mtoto wa kulelewa. Akishuka mjini Jumapili kuwatembelea jamaa zake, watu walimtazama kana kwamba anatoka nchi nyingine. Mama zake walimjivunia, ila hawakujua tena wamwambie nini. Ni hali tunayoifahamu hata sisi, ingawa hatuizungumzi sana.

Kitivo cha teolojia kilianzishwa mwaka 1957, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko majengo yote ya Gillon. Tarehe 29 Januari 1960 mwanafunzi mmoja, padre kijana aitwaye Tharcisse Tshibangu, alisimama mbele ya hadhara kubishana na mkuu wa kitivo chake, Alfred Vanneste. Tshibangu alikuwa mzaliwa wa Kipushi, katika nchi ya Katanga ambako Kiswahili ndicho lugha ya migodini na ya sokoni. Swali lilikuwa hili: je, yaweza kuwako teolojia ya Kiafrika? Vanneste alisema kuwa ukweli ni mmoja kwa watu wote, na Mwafrika anayetaka kuwa mwanateolojia wa kweli hana budi kwenda kwenye chemchemi zile zile wanakokwenda wote. Tshibangu alijibu kuwa kila watu huupokea ukweli kwa namna ya fikira zao, basi yamkini pawe na teolojia yenye rangi ya Afrika. Wiki hiyo hiyo viongozi wa Kongo walikuwa Brussels katika mkutano wa kutafuta uhuru. Msomaji asiye Mkristo asidhani kuwa jambo hili halimhusu. Liondoe neno teolojia, utie falsafa, au fasihi, au historia, na utaona kuwa ni mjadala ule ule uliokuja kuwashughulisha waandishi wetu na walimu wetu kwa miaka mingi. Nami nampenda Tshibangu zaidi kwa kuwa alimbishia mwalimu wake kwa hoja, na mwalimu akamjibu kwa hoja, na hapana aliyefukuzwa.

Gillon, kwa upande wake, alikuwa na hamu ya jambo jingine. Madini ya urani yaliyotumiwa na Wamarekani kutengenezea mabomu ya kwanza ya atomiki yalichimbwa kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, huko Katanga. Gillon alidai kuwa nchi iliyotoa urani ile ipate nayo sehemu ya sayansi yake. Tarehe 6 Juni 1959 tanuri la nyuklia lililoitwa TRICO likaanza kufanya kazi Mlima Amba. Lilikuwa dogo, lenye nguvu ya kilowati 50, na kazi yake ilikuwa utafiti na mafunzo. Lakini lilikuwa la kwanza katika bara zima la Afrika. Nchi ambayo wahitimu wake wa chuo kikuu wangeweza kukaa wote katika basi moja ilikuwa na tanuri la nyuklia. Sijui kama kuna mfano unaoeleza ukoloni wa Kibelgiji kwa ufupi kuliko huo.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na Wakongo waliokuwa na shahada hawakufika 30. Katika muda wa wiki chache jeshi liliasi na Katanga ikajitenga. Mwezi wa Septemba Kanali Mobutu alitangaza kuwa amewaweka kando wanasiasa, na kwamba nchi itaendeshwa na baraza la makamishna wasomi. Wengine kati yao walikuwa bado wanafunzi. Vijana waliokuwa wakijitayarisha kwa mitihani walikabidhiwa wizara. Mmoja wao alikuwa Étienne Tshisekedi, mwanafunzi wa sheria wa Lovanium, aliyekuwa naibu kamishna wa sheria. Mwaka 1961 alipata shahada yake ya udaktari wa sheria, Mkongo wa kwanza kuipata. Baraza hilo halikumaliza hata miezi sita. Ni katika kipindi hicho ndipo Patrice Lumumba alipokamatwa akapelekwa Katanga kuuawa, na doa hilo liliwafuata wasomi wale kwa muda mrefu.

Baadaye siasa yenyewe ilipanda mlimani. Mwezi wa Julai 1961 Umoja wa Mataifa uliwakusanya wabunge na maseneta wapatao 200 wa pande zilizokuwa zikipigana, ili wachague serikali moja, na mahali palipochaguliwa ni Lovanium. Wanafunzi walikuwa likizoni. Waheshimiwa wakalala katika vyumba vya wanafunzi na kula katika ukumbi wao. Chuo kilizungushiwa ua wa umeme, na askari wa Umoja wa Mataifa wakalinda malango. Ilikatazwa kuingiza silaha, fedha, pombe na wageni, ili kura zisinunuliwe. Na watu wa mjini waliulinganisha mkutano huo na ule wa makardinali wanapofungiwa kumchagua Papa. Ua ule haukuzuia kila kitu. Fedha hupita hata pale umeme unapopita. Hata hivyo tarehe 2 Agosti Cyrille Adoula alithibitishwa kuwa waziri mkuu, na kwa siku hizo chache Kongo ilikuwa na bunge lililokaa pamoja.

Nimesema “vijana” mara nyingi, na msomaji makini atauliza juu ya wasichana. Walikuwa wachache mno, kwa kuwa wakoloni walikuwa wamewajengea shule za kufua, kupika na kushona. Sophie Kanza, dada yake Thomas, alipata shahada yake Lovanium mwaka 1964, akawa mwanamke wa kwanza wa Kongo kufika daraja hiyo. Mwaka 1966 akawa waziri. Miaka sita baada ya uhuru!

Mwaka huo wa 1964 ndio wanafunzi walipogoma. Walitaka washirikishwe katika uendeshaji wa chuo, na walitaka chuo kiwe cha Kiafrika kwa mambo yake na kwa watu wake, wala si kwa mahali tu. Chama cha wanafunzi wa nchi nzima, UGEC, kilichoundwa mwaka 1961, kilimtukuza Lumumba, na hivyo watoto wa wale walioonekana kuwa vipenzi vya Wabelgiji wakawa wakali kuliko wanasiasa. Mwaka 1967 Tshibangu, yule mwanafunzi aliyembishia mwalimu wake, aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo, Mwafrika wa kwanza. Mwaka uliofuata chuo mama cha Leuven kikapasuka vipande viwili kwa ugomvi wa lugha, Kifaransa upande huu na Kiholanzi upande huu. Waliotuambia kuwa ukabila ni ugonjwa wa Waafrika hawakuutaja sana mfano huo.

Januari 1968 Makamu wa Rais wa Marekani, Hubert Humphrey, alikuja Kinshasa kuweka shada la maua kwenye mnara wa Lumumba. Wanafunzi waliona kuwa ni dhihaka, wakaandamana. UGEC ikapigwa marufuku, na vijana wote wakatakiwa kuingia katika umoja wa vijana wa chama tawala. Wakati huo Lovanium ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000, vyumba vya mtu mmoja vimekuwa historia, na posho haikutosha.

Tarehe 4 Juni 1969 waliteremka. Walitoka mlimani asubuhi kuelekea katikati ya jiji, wakidai posho iongezwe na sauti yao isikike. Hawakuwa na silaha. Askari waliwafyatulia risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 6. Wanafunzi walihesabu makumi. Maiti hawakurudishwa kwa jamaa zao, ila walizikwa na jeshi kwa siri. Viongozi wa maandamano walihukumiwa vifungo virefu, kisha baadaye wakasamehewa.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Kifungo kikisamehewa kimekwisha. Posho ikiongezwa imeongezwa. Lakini kwetu Waafrika mtu aliyekufa bila kuzikwa na watu wake ni deni lisilolipika, na wanafunzi wale, pamoja na suti zao na Kilatini chao, walilijua hilo kama walivyolijua bibi zao. Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Juni 1971, walifanya maziko ya wenzao hapo mlimani pasipokuwa na maiti. Hawakuteremka mjini. Hawakudai posho. Walilia tu. Siku chache kabla ya hapo Rais Mobutu alikuwa amefiwa na mama yake, naye alilichukua jambo hilo kuwa ni tusi kwake. Jeshi likapanda mlimani, likazingira mabweni, na wanafunzi wapatao 2,000 wakaandikishwa jeshini kwa nguvu. Wakanyolewa, wakavishwa magwanda.

Sisi nasi tulikuwa na mwaka wetu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani ya Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300, huku akipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudi masomoni mwaka uliofuata. Kwa hiyo hapa kwetu wanafunzi walifukuzwa kwa kuukataa utumishi, na kule Kinshasa waliingizwa jeshini kwa kuomboleza. Hapa utumishi ulihesabiwa kuwa heshima ya kijana, na kule magwanda yalifanywa kuwa adhabu. Wapo wanaosema kuwa serikali zote mbili ziliwafunza adabu wasomi wenye kiburi. Sikubaliani nao. Kijana wa Dar es Salaam alirudi nyumbani na mama yake akamwuliza amefanya nini. Mama wa Kinshasa hakuonyeshwa hata kaburi.

Mwezi wa Agosti 1971 Lovanium ilivunjwa. Iliunganishwa na chuo cha Lubumbashi na chuo cha Waprotestanti cha Kisangani, vikawa chuo kikuu kimoja cha taifa, na baada ya Oktoba mwaka huo, nchi ilipobadilishwa jina, kikawa cha Zaire. Kitivo cha fasihi kilihamishiwa Lubumbashi, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500, na pamoja nacho akaenda V. Y. Mudimbe, mhitimu wa Lovanium wa mwaka 1966, mzaliwa wa Likasi, ambaye baadaye alisifika duniani kwa kuchunguza namna Wazungu walivyoibuni Afrika katika vitabu vyao. Mkuu wa chuo hicho kipya cha taifa alikuwa Tshibangu yule yule. Mwaka 1974 serikali iliifuta teolojia chuoni, na maaskofu wakaichukua wakaiendesha wenyewe.

Mwaka 1981 vyuo vilitenganishwa tena, na kile cha Mlima Amba kikaitwa Chuo Kikuu cha Kinshasa. Majengo ya Gillon yangali yanatumika, yakiwa na wanafunzi wengi mara nyingi kuliko alivyokusudia, na mvua huchimba makorongo katika mchanga wa kilima. Kitivo kilichofukuzwa mwaka 1974 hakikufa; mwaka 2009 kilipata jina la Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Kongo. Na upande wa mashariki, Bukavu, juu ya ziwa Kivu, kuna chuo kikuu kingine cha Wakatoliki kilichofunguliwa mwaka 1989. Humo hufundishwa kwa Kifaransa, na wanafunzi wakitoka darasani huzungumza Kiswahili.